Mioyo Sita ya Mgeni Rasmi

Mwanahawa alikuwa amechora mstari wa pigo moja tu la moyo: kilima kidogo, mwiba mrefu, bonde. Programu yake ikakirudia kipande hicho kwenye skrini sita za wodi mpya, na zote zikapiga pamoja kama gwaride.

“Safi sana!” Bosi Mkude alipiga makofi. “Mgeni rasmi azikute hivyohivyo.”

“Lakini bosi, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyefungwa waya.”

“Nani atachungulia waya? Wewe chora, dada. Siasa tuachie sisi.”

Wodi ya zamani nayo ilikuwa imefunguliwa kwa ngoma, na mashine za kuazima zikaondoka jioni ileile. Mwanahawa hakuwa amesahau.

Kwenye kitanda cha dirishani, mama mmoja aliyekuwa akimpepea mumewe alinyoosha kidole kwenye skrini. “Nilitaka kumwita nesi, mwanangu, mzee anahema vibaya. Lakini naona moyo wake unakwenda vizuri.”

Mwanahawa alikaa kwenye kompyuta yake, akakifungua kile kipande cha programu, akaandika kwamba pasipo waya uchorwe mstari mnyoofu. Alirekebisha mahali pamoja tu, na mistari yote sita ikalala.

“Rudisha!” Mkude alifoka. Nje, honi za msafara zilikuwa zinaingia getini.

“Sirudishi. Mama, ile ilikuwa picha yangu, si moyo wa mzee. Mguse mwenyewe. Nesi! Nesi, njoo huku!”

Mgeni rasmi alikuwa ameshafika mlangoni, mkasi wa utepe mkononi. Mama aliweka kiganja kifuani pa mumewe, akafumba macho, akalitafuta pigo la kweli.