Chini ya Daraja

Siku ya kufungua daraja, Profesa Nyangeta alivaa buti zake za jeshini, akashuka mtoni na kusimama chini ya daraja hilo. Vitani, akiwa kanali, ndiye aliyelilipua lile la zamani ili adui asivuke. Hili jipya alilichora mwenyewe.

Juu, Sajini Mbwambo alikuwa kwenye usukani wa lori lililosheheni mawe.

“Afande, toka huko! Likianguka je?”

“Umesahau ya jeshini? Mhandisi hukaa chini ya daraja lake gari la kwanza likipita. Twende, Sajini!”

Lori likanguruma. Daraja likaguna, vumbi likamdondokea kichwani. Kisha vigelegele vikalipuka ng’ambo.

Profesa hakutoka. Alibandika kiganja kwenye nguzo, akisikiliza gari la pili likiwashwa.