Nyasi Zinazoingia Sebuleni

"Kaa kama mgeni," Nestory alimwambia mama mwenye nyumba. "Sasa niambie jicho lako linakwenda wapi."

Teodora aliegemea kochi jipya ambalo nailoni yake ilikuwa bado haijatolewa. Jicho lake lilianzia kwenye zulia la kijani, likavuka sakafu ya mawe bapa, likapita mlango wa kioo uliochukua ukuta mzima, likajikuta nje bila kujua limetoka saa ngapi. Mawe yale yale yaliendelea barazani. Baada ya mawe zilifuata nyasi, rangi ile ile ya zulia, zikishuka mteremko kuelekea ziwani.

"Linakwenda ziwani," alisema. Kisha akakunja uso. "Halafu linakwama pale."

Pale chini, kati ya nyasi na maji, palikuwa na kibanda cha udongo chenye bati lililoshika kutu. Moshi ulikuwa unafuka. Mwanamke mzee alikuwa amekaa mbele ya karai akikaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani baada ya minofu kuchukuliwa kwenda Ulaya.

"Hiyo ndiyo kasoro pekee iliyobaki," alisema Nestory.

Alikuwa fundi wa aina ambayo Mwanza ilikuwa haijaizoea. Zamani mtu alijenga nyumba, akapaka chokaa, akapanda maua mlangoni, basi. Sasa biashara ilikuwa imefunguliwa, fedha ya samaki imeingia mjini, na matajiri wapya wa Nyegezi walitaka nyumba kama zile za kwenye magazeti. Nestory alikuwa amejifunza kazi hiyo Nairobi kwa miaka tisa. Alipoitwa na Mzee Chenge, mume wa Teodora, jambo la kwanza alilokataa ni kulipasua jabali lililokuwa uani. Alijenga ukuta ukalikumbatia. Nusu ya jabali ikabaki bustanini, nusu ikaingia sebuleni, na juu yake akapanda mimea ya kutambaa. Watu walikuja kulishangaa.

Jumamosi wangekuja wazungu wanaonunua minofu ya Chenge. Walikuwa wanatafuta mtu wa kuwapambia hoteli nzima.

"Tupande ua wa michongoma," Teodora alipendekeza. "Tumfiche tu. Bibi Paskazia yupo pale tangu kabla yetu."

"Ua utakula ziwa, mama. Chagua: yeye au ziwa."

"Mume wangu ameshamwendea mara mbili amwuzie kile kiwanja. Mara ya pili alimtokea na panga."

"Niachie mimi. Nitaongea naye."

Kule chini mwanamke mzee aliinuka, akakinga jua kwa kiganja, akatazama juu. Kisha akapunga mkono.

"Anampungia nani?" Teodora aliuliza.

"Wazee ndivyo walivyo," alisema Nestory, akarudi kupima pazia.

Kesho yake mchana alishuka peke yake. Kutoka barazani Teodora alimwona akiinama kuingia kibandani. Alitega sikio asikie kelele. Hakusikia kitu. Baada ya saa nzima Nestory alipanda na karatasi yenye alama ya dole gumba. Midomo yake iling'aa mafuta. Aliifuta kwa leso kabla hajafika mlangoni.

"Amekubali?"

"Amekubali."

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nyumba inakaribia kwisha."

Teodora aliigeuza ile karatasi mkononi. Haikumfurahisha kama alivyotarajia. "Sasa ataenda wapi?"

"Ana pa kwenda. Amesema mwenyewe."

Ijumaa vibarua walishuka na nyundo. Walirudi wakisimulia maajabu: bibi alikuwa ameshafunga nguo zake, kuku amewagawa kwa majirani, na bati la kwanza lilipong'oka alipiga vigelegele, kisha akaenda zake kulala kwa rafiki yake kule Igogo. Kufikia saa kumi kifusi kilikuwa kimebebwa. Nestory mwenyewe alipanga mabamba ya nyasi mahali pale, akayakanyagakanyaga mpaka maungio yasionekane. Figa moja lilikuwa limesahaulika, jeusi kwa masizi. Alilitupa majini.

Jumamosi wageni walikaa, juisi mkononi, na macho yao yakasafiri kutoka kwenye zulia mpaka ziwani bila kukwama popote. Mmoja wao, mzee mwenye upara, alisimama, akatembea kutoka kwenye jabali mpaka barazani, akarudi, akacheka peke yake kama mtoto. Akamuuliza Nestory nyumbani kwao ni wapi.

"Bukoba," alisema Nestory. "Wazazi wangu walikuwa walimu. Wote wamefariki."

Mgeni alimpa pole, akamshika bega, akaanza kumweleza habari za hoteli: vyumba arubaini, bustani hadi majini, na kazi ya kuanza mwezi ujao.

Mtu alikuwa anapanda mteremko taratibu. Alikuwa Bibi Paskazia, amevaa kitenge cha kanisani, mzigo wa nguo kichwani, viatu mkononi asije akachafua sakafu. Aliingia kwa mlango wa kioo. Alilipapasa jabali, akawatazama wageni mmoja mmoja, uso umemjaa fahari.

"Shikamoo, bibi," Teodora alisema, akiinuka. "Umesahau kitu?"

"Marahaba, mkwe wangu." Bibi alitua mzigo wake juu ya zulia, akamgeukia Nestory. "Mwanangu, chumba ulichomjengea mama yako ni kipi?"

Nestory alimwita mlinzi.

"Mpitishe pembeni," alisema, "asikanyage nyasi. Bado hazijashika."