Hodi ya Tatu

Mwinyihaji alikuwa amejenga nyumba ndani ya mchezo wa mtandaoni, kwenye bonde lisilopitiwa na mchezaji yeyote. Jioni hiyo mgeni alisimama mlangoni, maneno yakatokea juu ya kichwa chake: "Hodi."

Mwinyihaji akatafuta pa kuandikia. Akabonyeza hapa, begi likafunguka. Akabonyeza pale, mtu wake wa mchezoni akachomoa shoka.

"Hodi wenyewe!" mgeni akaandika tena.

"Mchezo gani huu? Vitufe vya kubomolea chungu nzima, cha kumjibu mtu hakuna!" Mwinyihaji akafoka.

Mgeni akaandika hodi ya tatu, akangoja kidogo, kisha akaondoka, kama watu waliofunzwa kwao.

"Karibu!" Mwinyihaji aliiambia skrini. "Karibu ndani, mlango uko wazi!"

Mlangoni, mtu wake alibaki amesimama, shoka mkononi.