Kidunguche Hataiba Tena

Mwanamke asiyemjua mtu pale ofisini aliingia bila hodi, akaweka kitabu cha sarufi juu ya meza ya mhariri.

“Mimi ndiye niliyeiba kuku,” alisema.

Mhariri alikuwa kijana, mgeni kazini, bado akiamini kwamba sarufi safi itaiponya dunia. Alimwonyesha dirisha. “Polisi ni jengo la pili, dada.”

Mwanamke alifungua kitabu, akasoma taratibu. “Kidunguche ameiba kuku wa jirani. Kidunguche hulala kazini. Kidunguche angalioga, asingalinuka.” Kisha akalaza kitambulisho chake kando ya sentensi hizo. Jina la ukoo lilikuwa lile lile.

Shirika lililochapa kitabu hicho lilikuwa na utaratibu wake wa busara. Maovu yote katika mifano yalibebeshwa jina moja adimu, ili asiudhike mtu. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba jina adimu nalo lina wenyewe. Walikuwa wasomi, vitu vidogo kama watu viliwapita.

“Binti yangu yuko darasa la tano,” mwanamke alisema. “Mwalimu akifungua kitabu hiki, wenzake wanaficha vifutio vyao. Tangu juzi amegoma kwenda shule. Sitaki fidia, mdogo wangu. Nataka mtoto asome.”

Mhariri alikifunga kitabu. “Toleo jipya linaenda mtamboni karibuni. Kidunguche hataiba tena. Nakuahidi.”

“Na kunuka?”

“Hatanuka.”

Mkurugenzi wa shirika alimsikiliza mhariri huku akichokoa meno. “Kwa hiyo wezi wetu wabaki hawana jina? Haya, badilisha. Lakini jina utakaloweka ni mzigo wako. Akija mtu mmoja kulalamika, mmoja tu, ufungashe virago.”

Alasiri nzima mhariri alisaka mwizi. Jina la kwanza lilikuwa la wakwe wa mkurugenzi. La pili lilikuwa la mpiga chapa, mtu mwenye mikono mizito. La tatu lilimpendeza sana, mpaka mama mfagizi alipochungulia begani kwake na kuuliza kwa upole, “Mwanangu, nani kakwambia sisi hatuogi?”

Kila jina lilikuwa na mtoto wa darasa la tano mahali fulani.

Mwishowe aliandika moja, haraka, kama mtu anayemeza dawa chungu. Mwenye jina hilo alimfahamu vizuri kuliko mtu yeyote. Asingelalamika.

Mkurugenzi aliidhinisha bila kusoma, kama ilivyo kazi ya wakubwa.

Kitabu kilitoka. Mwanamke alituma salamu: binti amerudi shule, anakaa mstari wa mbele, na darasa zima hakuna anayemcheka mwizi mpya kumshinda yeye. Mhariri alirudia kuusoma ujumbe huo, akajiona ameinyoosha dunia kwa kiasi cha dawati moja.

Jumatatu, mkurugenzi akiwa amesimama kando ya meza ya mhariri na kikombe chake cha chai, mzee mmoja mwenye sura kama ya mhariri aliingia bila hodi. Aliweka kitabu kipya mezani.

“Mimi ndiye niliyeiba kuku,” alisema.

“Shikamoo, baba,” mhariri alijibu, akaanza kukusanya kalamu zake.