Kinyonga Aendea Ukomando

Hebu niambie, ushawahi kufelishwa mtihani kwa sababu umeufaulu kupita kiasi?

Kinyonga alikuwa na digrii ya kujificha na kazi hana. Akamuaga mamake, anaenda ukomando.

"Ukifa je, mwanangu?"

"Kwani hapa naishi, mama? At least huko kuna ugali."

Kwenye uwanja wa usaili, Afande Kifaru akaamuru waombaji wote wajifiche. Kinyonga akawa jani.

"Kinyonga!"

"Nipo, afande!"

"Sikuoni. Absent! Rudi kwenu."

Twiga alikuwa amechuchumaa nyuma ya kichaka, shingo ikipita miti. "Mjomba, nimejificha huku!"

"Safi sana! Komando ndiye huyu."

Haya, wakubwa wa usaili, kabla Kinyonga hajafika kwao na njaa yake, mficheni huyo mpwa wenu Twiga tuone!