Fundo la Kamba ya Nguo

Siku ya pili ya likizo yao baharini, wageni waliokuja kujifunza ubaharia walifundishwa kufunga kamba za merikebu ile kuukuu ya milingoti mitatu. Bi Thuweba alifunga yake kwa nguvu zote, fundo juu ya fundo.

"Mama, upepo ukigeuka tutaikata kwa shoka?" alicheka Shebe, baharia mkuu. "Sisi hufunga kitu tukijua tutakifungua." Akaifunga upya, akaacha ncha fupi ikining'inia. "Vuta hapa."

Bi Thuweba hakuvuta. Fundo lile alilijua. Mumewe alilifunga kwenye kamba ya nguo uani kwao, asubuhi aliyopanda meli ambayo haikurudi. Miaka kumi na minne ameanika nguo kwenye kamba hiyo, akiamini fundo lake lilifungwa lisifunguke kamwe, wala hakuthubutu kuligusa.

"Vuta tu, Mama. Halina ubishi."

Akavuta kwa vidole viwili. Fundo likafunguka lote, kamba ikaanguka miguuni pake.

"Nifungie tena, mwanangu," alisema upesi. "Vilevile lilivyokuwa."

Lakini Shebe alipoinama kuiokota, vidole vya Bi Thuweba vilikuwa vimeshaiwahi kamba, vinalitafuta fundo.