Fungate Siku ya Sensa

Don Eusebio alifunga mlango wa hoteli yake kwa ndani, akatia ufunguo kwenye mfuko wa sweta na kuupigapiga kwa kuridhika.

"Leo hatoki mtu mpaka jua lizame," aliwaambia maharusi. "Siku ya sensa mji mzima wa La Paz uko ndani. Sasa nyinyi mnanuna nini? Serikali imewafungia chumbani kwenye fungate yenu. Wenzenu wanaitafuta bahati hiyo hawaipati!"

Limbert, bwana harusi, hakucheka. Aliuliza watu wa sensa wanafika saa ngapi.

"Wakifika wamefika. Una haraka ya kwenda wapi?"

Zulma alipanda ngazi nyuma ya mumewe, moyo ukimwenda mbio. Walipowasili kutoka kwao Tarija siku tatu nyuma, ulimwenda hivihivi kwa sababu ya mwinuko wa milima, na chai ya majani ya koka ikamtuliza. Leo chai isingemsaidia kitu.

Asubuhi hiyo, akikunja shati la Limbert, alikuta mfukoni kipande cha gazeti kilichochanwa ovyo na kukunjwa mara nne. Alifungua mkunjo mmoja tu. Yalikuwa maswali ya sensa, na moja lilizungushiwa wino mara mbili: *Watoto waliozaliwa hai, wangapi?* Kabla hajafungua zaidi, Limbert alimnyang'anya.

"Mambo ya sensa tu hayo," alisema, bila kumtazama usoni.

Kwa hiyo anajua, Zulma alijiambia. Anajua, na anangoja niulizwe mbele yake.

Limbert alimfahamu Noelia, mtoto wa miaka sita, kama mdogo wake Zulma, kitinda mimba wa mama yao. Ndivyo mama alivyotaka isemwe, na ndivyo ilivyosemwa kwa majirani, kwa padri, na kwa wasimamizi wa ndoa waliowapa safari hii kama zawadi.

Saa nne simu iliita. Alikuwa Noelia.

"Zuli, utaniletea nini?"

"Kofia ya sufu, yenye masikio."

"Unarudi lini?"

"Jumanne, mdogo wangu."

Alikata simu. Alipoinua macho, Limbert alikuwa ameliacha dirisha, anamtazama.

"Anakupenda sana yule mtoto."

"Una maana gani?"

"Nina maana anakupenda. Mbona unashtuka?"

Zulma alijaribu njia ya upole. "Si ushuke ukacheze karata na Don Eusebio? Wakija nitawajibu kwa niaba yetu sote."

"Shuka wewe ukanywe chai. Nitajibu mimi."

"Hapana, mimi nabaki."

"Basi tutabaki sote," alisema Limbert, akajifungia bafuni.

Zulma alimsikia akinong'ona peke yake nyuma ya mlango, anarudia maneno yaleyale kama mtu anayekariri. Anapanga atakavyonifukuza, aliwaza. Alichungulia dirishani. Barabara ilikuwa tupu, mbwa wawili wamelala katikati ya njia ya mabasi. Hata angepata pa kukimbilia, ufunguo ulikuwa kwenye sweta ya Don Eusebio. Ama amkane mwanawe mchana kweupe, ama ndoa ya siku tano imfie mikononi.

Saa nane mwandikishaji alibisha hodi. Alikuwa Doña Casta, mwalimu mstaafu, kofia nyeusi kichwani na kitabu cha fomu kifuani.

"Haya maharusi, tusichoshane. Waliolala humu jana ni wangapi?"

"Wawili," Limbert alijibu. Jasho lilikuwa linamtiririka, na chumba kilikuwa baridi.

Majina. Umri. Mahali pa kuzaliwa. Elimu. Kisha Doña Casta akafunua ukurasa na kumgeukia Zulma.

"Haya binti yangu, watoto uliowazaa hai, jumla?"

Zulma alifungua mdomo kusema hakuna. Neno lilikuwa tayari. Lakini kumwandikisha Noelia kuwa hayupo duniani, kwa kalamu ya serikali, hilo hakuliweza.

"Mmoja," alisema. "Anaitwa Noelia. Ana miaka sita."

Kalamu iliandika. Zulma hakuthubutu kumtazama mumewe. Alijua ameibomoa nyumba yake mwenyewe, na hata hivyo alijisikia mwepesi. Doña Casta aliuliza yaliyobaki, akafunga kitabu.

"Na mimi?" Limbert aliuliza.

"Wewe nini?"

"Lile swali la watoto."

"Hilo ni la wanawake tu, bwana. Imeandikwa pale juu ya ukurasa. Wanaume hatuwaulizi."

Alibandika karatasi ya sensa mlangoni, akawatakia uzao mwema, akaenda chumba cha pili.

Limbert alishusha pumzi ndefu. Alijifuta uso kwa viganja vyote viwili, na taratibu rangi ikamrudi. Kisha akasimama.

"Mtoto?" alifoka. "Mtoto wa miaka sita! Mwaka mzima unanitazama machoni, unanichekea, kumbe una mtoto? Umenifanya mjinga mimi? Mwongo mkubwa wewe!"

Alivua shati lililolowa jasho, akalitupa sakafuni, akavaa jingine na kushuka ngazi kwa kishindo.

"Don Eusebio! Nifungulie, naondoka!"

"Mpaka jua lizame, bwana harusi!"

Zulma aliinama kuliokota shati, maana mikono ilihitaji kazi. Kile kipande cha gazeti kilidondoka kutoka mfukoni, na safari hii alikikunjua chote. Kando ya swali lililozungushiwa wino, kwa mwandiko wa mumewe, kulikuwa na majina matatu: Wilmer, miaka minane. Anahí, miaka mitano. Limbert mdogo, miezi miwili.